Kosa la Ukuta

Taya lake la kushoto lilikuwa bado limevimba alipopanda juu ya kiti na kuanza kuukwangua ukuta wa sebuleni.

Dada yake mkubwa alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Yaani akupige mumeo, adhabu uupe ukuta?"

"Dada, acha. Amesema ni hii rangi nyekundu. Amesikia redioni kwamba inapandisha damu, moyo unaenda mbio, mtu anakuwa mkali bila kupenda."

"Bila kupenda! Mbona bosi wake hajawahi kumpiga bila kupenda?"

Mke alikwangua kwa hasira hadi ukucha ukakatika. Rangi ile aliichagua mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa, na kila kofi alilokula tangu hapo lilifuatwa na maneno yale yale ya mume: "Unaona ukuta wako unavyonifanya?" Mamamkwe naye hudakia: "Mwanangu hana neno. Ni hilo jirangi lako."

"Nisikilize, mdogo wangu," dada alisema. "Chumba changu cha nyuma kiko tupu. Akikugusa tena, unakuja. Huulizi mtu."

"Na asiponigusa?"

"Nitafunga mdomo. Utakaa na mume wako."

Alipaka kijani mara mbili, kutoka darini mpaka chini. Mapazia mekundu akayagawa, akashona ya kijani. Vitambaa vya makochi, hivyo hivyo. Nyumba nzima hakubakiza hata uzi mwekundu.

Jioni ya siku aliyomaliza, mume aliingia, akakaa, akavua viatu. "Hiyo rangi unamalizia lini?"

"Nimeshamaliza, mume wangu."

Aliutazama ukuta kidogo. "Ah! Ndiyo maana. Nimeingia tu, moyo ukatulia."

Mke akajua anataniwa. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ule mwingine ulikuwa bado unauma.

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Siku moja chakula kiliungua, mume akala kimya. Glasi ikavunjika, akaokota vipande mwenyewe, akasema, "Pole, usijikate." Mamamkwe akatamba kwa majirani wote: "Si nilisema?"

Mwezi wa tatu, ile hasira iliyomkaa mke kifuani miaka sita ikaanza kuona haya. Alipiga magoti akamwomba Mungu msamaha kwa jinsi alivyomchukia mtu ambaye kosa halikuwa lake.

Kisha kampuni ikataka kumpa mume gari aendeshe, lakini kwanza apimwe macho. Asubuhi ya siku hiyo mke alimpigia dada yake simu. "Nakaa, dada. Kweli ilikuwa rangi."

Dada akafunga mdomo, kama alivyoahidi.

Kliniki, mke aliketi nyuma ya mumewe. Daktari aliweka kadi mbili mezani. "Nionyeshe nyekundu ni ipi, na kijani ni ipi."

Mume alizitazama. Akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akazirudisha, sauti ikaanza kupanda.

"Daktari, unanichezea? Kadi zote mbili rangi moja!"

"Huoni tofauti yoyote?"

"Tofauti gani? Tangu nizaliwe naziona hivi hivi."

Mkewe aliinuka, akapita nyuma yake, akatoka.