Breki Kwenye Lami Iliyoloa

Gari la zimamoto lilisimama kabla ya mstari mweupe. Watu wakapiga makofi. Binti yangu Elieth, dereva wake, akachungulia dirishani.

"Mama, saini basi. Kesho nalipeleka kituo cha Sirari."

Nilishika kalamu juu ya fomu ya ukaguzi wa breki. Lami ilikuwa imeloa kama masika. Tuliimwagia wenyewe, kwa maji ya gari hilo hilo.

Nikaangalia kipimo cha tangi. Mshale ulikuwa chini kabisa.

"Limefunga breki likiwa tupu, jepesi," nikasema. "Jazeni maji, turudie."

"Mkaguzi, kwa utelezi huu?" mkuu wa kikosi cha Elieth akauliza. "Likipinduka?"

"Kwenye moto Elieth ataenda na tangi tupu?"

Tangi lilipojaa, nilimpa mkuu bendera yangu ya kuashiria breki. Nikapanda, nikaketi kando ya Elieth, nikafunga mkanda.

"Mama, shuka."

"Endesha."