Kidevu Kinauzwa

Mkono ulishuka tena. Kocha aliona waziwazi: mpwa wake alirusha konde la kushoto, likagonga pedi aliyoivaa kocha mkononi, kisha ngumi badala ya kurudi shavuni ikatua kifuani, na kidevu kikabaki uchi kama yai mezani.

"Kidevu!" alifoka. "Unamwachia nani? Bega juu, kidevu chini, ngumi irudi kwa njia ile ile iliyokwendea!"

"Nimekusikia, mjomba," alisema mpwa, akihema. "Turudie."

Wakarudia. Mkono ukashuka.

Na pambano la ubingwa lilikuwa Jumamosi. Huyu ni mtoto wa dada yake, amemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, na ulinzi wake ulisifiwa mji mzima. Kumpata kidevu, watu walisema, ni sawa na kumpata kobe shingo. Ulinzi wa namna hiyo haupotei hivi hivi. Unauzwa.

Kocha alijua, maana yeye mwenyewe aliuzwa alipokuwa bondia. Waandaaji wa ngumi wa enzi zake, wale wenye vitambi, walikula na kocha wake chumba cha nyuma, na kesho yake kocha huyo akamwambia, "Leo pigana mikono chini, watu wapate burudani." Wakaipata. Yeye alizindukia hospitali, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumpa pole. Wengine siku hizi hukaa viti vya mbele na kuitwa waheshimiwa. Anawakumbuka wote, sura kwa sura.

Basi akaanza kuchunguza.

Kwanza, bandeji za kuvaliwa ndani ya glavu. Miaka yote yeye ndiye aliyemfunga mpwa mikono. Sasa akisema, "Lete nikufunge," anajibiwa, "Usijisumbue, mjomba, nimeshajifunga." Tangu lini? Mtu hujifunga mwenyewe akiwa na cha kuficha.

Halafu chai. Zamani mpwa alimmiminia kikombe kikafurika. Siku hizi nusu, tena mjomba akianza kunywa yeye anageuza uso. Hata kufuli la ukumbi lilikuwa na njama: ufunguo hauingii mpaka upigane nalo. Kuna mtu amelichezea.

"Mbona unaniangalia mikono?" alimuuliza.

"Sikuangalii, mjomba."

"Unaniangalia."

"Basi nimekosa. Tupumzike kidogo?"

"Pumzika wewe uliyechoka. Mimi chuma."

Alhamisi, baada ya mazoezi, mpwa aliaga kwamba anakwenda kwa kinyozi. Kocha akamfuata kwa mbali. Kinyozi gani huyo yuko juu ya duka la matairi? Mpwa akapanda ngazi. Kocha akapanda nyuma yake, akishikilia ukuta, akachungulia mlangoni.

Ukumbi wa Kipara! Kijana wa juzi tu katika ukocha, mwenye maneno matamu na mabondia aliowapokonya makocha wengine. Alikuwa amevaa pedi, na mbele yake mpwa anarusha makonde. Na ule mkono wa kushoto? Ulikuwa ukirudi shavuni kila mara, kama mlango wenye springi. Kidevu hakionekani hata kwa tochi.

Damu ikamchemka kocha. Kumbe anaweza! Kumbe kule kwake ni maigizo.

Akausukuma mlango. "Wamekupa nini? Sema! Kwangu unashusha mkono, kwa huyu unapandisha. Jumamosi utaanguka raundi ya ngapi, nijiandae kulia?"

Kipara alifungua mdomo. Mpwa akamkatiza. "Mwache, kaka. Huyu ni mjomba wangu."

"Nilikuwa," alisema kocha.

"Mjomba, sikutaka uyajue haya kabla ya Jumamosi. Nilitaka uwe kwenye kona yangu."

"Ili nishuhudie ukiniuza? Mimi yalishanikuta hayo. Sirudii darasa."

Mpwa alimvua Kipara pedi, akamvalisha mjomba wake taratibu, mkanda kwa mkanda, kama mtu anayemvalisha mtoto sweta.

"Nishikie," alisema, "vile unavyonishikia kila siku. Usawa wa kidevu."

"Usawa wa kidevu naujua tangu kabla mama yako hajaolewa."

Kocha akapanua miguu, akainua pedi. Kocha wa kweli hatazami pedi zake, hutazama kidevu cha bondia, naye alikikazia macho kile kidevu alichokilinda miaka yote, akazisimamisha pedi mkabala nacho, imara kama nguzo mbili.

"Rusha, msaliti!"

Mpwa hakurusha. "Usizishushe, mjomba," alisema. Akamshika mabega na kumgeuza polepole, mpaka akaukabili ukuta uliofunikwa kioo kutoka juu hadi chini.

Ndani ya kioo alisimama mzee mmoja, ameinua uso kwa hasira, kidevu wazi. Na pedi zake zilikuwa kifuani, kule kule ngumi za mpwa zilikozifuata kila siku, zinatetemeka.