Maana ya Neno "Karibu"

"Mzee wangu, ulipoandika 'karibu', ulimaanisha umbali gani hasa?"

Jaji Vollmer aliuliza kwa sababu ya uchovu tu. Kwa miaka ishirini na sita katika mahakama ya shirikisho alikuwa ameamua kesi za hataza, nani kabuni nini na nani kamwibia nani, na tangu asubuhi mawakili walikuwa wakigombania neno hilo moja.

Kwenye kizimba cha shahidi alikaa mkulima wa Iowa aliyebuni mashine ya kupandia mahindi. Hati yake ya hataza ilisema gurudumu la kufukia likae "karibu" na bomba la mbegu. Kampuni aliyoishtaki iliweka lake shubiri nzima kutoka kwenye bomba.

Wakili wa mkulima aliinuka haraka. "Mheshimiwa, hilo swali..."

"Mwache mama aulize, bwana!" mkulima alimkatiza huku akicheka. "Miaka minane ya kesi hii, hakuna aliyeniuliza mimi mwenyewe."

Akainua mkono. Kidole gumba na cha shahada vikasogeleana, vyeusi kwa grisi isiyotoka kwa sabuni, mpaka katikati ingepita punje moja tu ya mahindi.

"Hivi, mama. Ikizidi hapo, mbegu haioti."

Wakili wake akafumba macho. Upande wa kampuni, kalamu zikaanza kukimbia: kwa kipimo hicho, gurudumu la shubiri nzima halikuwa "karibu". Mkulima peke yake ndiye ambaye hakujua kwamba kesi imekwisha. Alibaki ameinua vile vidole, akitabasamu, akingoja.

"Nimeelewa," alisema Jaji Vollmer, na hakuweza kumtazama.