Rukia wa Sengondo

Kengele ya mkono ililia nyuma ya pazia la zahanati, kisha muuguzi akaita, "Rukia wa Sengondo!"

Tindwa aliruka kutoka kwenye benchi kama aliyekalia kaa la moto. "Rukia ni mke wangu! Sengondo ndiye nani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Jirani wa Tindwa, Sengondo, alikuwa tayari amemshikia Rukia pazia.

"Punguza moto, bwana," alisema. "Hapa matibabu ni bure kwa wenyeji. Mgeni hudhaminiwa na mwenyeji, kisha huitwa kwa jina la mwenyeji huyo. Si nilikwambia twende nikudhamini, ukasema hujazoea kuombewa? Mkeo alikubali."

"Kaka, wivu hautibu homa," alidakia mama mmoja.

Muuguzi akachungulia. "Huyu ni wa Sengondo au siye? Mtoto anachemka!"

Rukia, mtoto mgongoni, alimtazama mumewe. Tindwa akasogea kando kumpisha.

"Ndiye," alisema.

Pazia likashuka nyuma ya mkewe, likabaki likipepea. Tindwa akamgeukia Sengondo.

"Nidhamini leo hii. Na naapa, nikishakuwa mwenyeji, mgeni wa kwanza atakayehamia mtaani kwetu ataitwa kwa jina langu, si lako!"