Hodi Tatu

Mashine ya haja ilimtimizia kila mkazi wa mji ule ombi moja tu maishani. Bi Sikitu alilitunza lake miaka kumi na moja kwa ajili ya Bungara, jirani aliyemsingizia mwana wa Sikitu wizi hadi kijana akafia jela.

Sasa Bungara alikuwa hoi kitandani, amebaki mifupa. Alimwita Sikitu, akamshika upindo wa kanga.

"Dada Sikitu, uongo ule niliutunga mimi. Nipe radhi yako nife kwa amani."

"Kwa amani? Thubutu!"

Akauchomoa upindo wake, akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akabandika kiganja kwenye kioo.

"Bungara apone," alisema. "Aishi hata miaka mia."

Waliokuwa kwenye foleni wakamsifu kwa moyo wake mweupe.

Asubuhi, sauti nzito yenye afya ilipiga hodi mlangoni kwake. Mjini hapo, mgeni asiyeitikiwa hodi tatu huondoka, akarudi siku nyingine. Sikitu hakuitikia.

"Hodi, dada yangu."



Hodi ya tatu ilikuja na ombi lile lile: "Radhi tu, dada." Sikitu alivuta miyaa, akaanza kusuka ukili wa mkeka mkubwa.