Sinema Iliyoshika Mkia

Kabla hajaliona banda la video, Nyamizi alisikia kikohozi cha marehemu baba yake kikitoka kwenye spika. Ndani, watazamaji walikuwa wamerudia kutazama sinema zote tisa za shujaa wa kofia ya chuma na kuziorodhesha ukutani kwa chaki, kuanzia bora hadi mbovu. Ile ambayo baba aliitafsiri kwa kuingiza sauti yake juu ya picha ilishika mkia.

"Shujaa gani anakohoa kila akirusha ngumi?" alicheka Lugendo, mwenye banda. "Naifuta leo. Nimepata yenye sauti mpya."

Nyamizi akaingia, akaichomoa kwenye deki flashi yenye sinema hiyo. Kioo kikawa cheusi, watu wakazomea.

"We binti, rudisha!" alifoka Lugendo.

"Alikuwa anakufa, Lugendo, na bado aliimaliza ili nyie mcheke!"

Flashi ilikuwa ingali na joto kiganjani. Akaifumbata.

"Baba, haki ya Mungu, hawakufuti nikiwa hai."