Mlango Uliobaki Wazi

Kipande cha samaki kilikuwa bado mdomoni mwa Mujinga alipouona kwenye kompyuta yake, katika seva ya doria aliyoitunza, mlango wa mtandao ambao hakuufungua yeye. Mtu alikuwa akichungulia humo zilipo boti za doria. Anwani ya kifaa aliijua: simu ya mwenyekiti wa doria mwenyewe, aliyekuwa akila naye.

"Kula, mama," mwenyekiti alisema, akilamba mafuta vidoleni. "Imetoka mu mayi ya ziwa leo asubui."

Leo! Na kuvua ni marufuku mpaka Machi!

Akatema kiganjani. Jicho jeupe la samaki sahanini lilimtazama.

"Iko problemu?"

"Apana, prezida. Nimeshiba."

Mlango hakuufunga. Alibadilisha ramani tu: boti ya doria iliyojificha hapa Nchelenge ikaonekana iko mbali, Puta.

Waje sasa hapa, hao wavuvi wa mwenyekiti, wakidhani hakuna doria.